Maji kwenye bomba yanaanza kuvurugika lini hasa? Tuijadili ile 2,300 ya vitabuni

Mchanganyikeni_Juu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa mafunzo ya maabara, vijana wa diploma na wa shahada hapa Dar huniletea ripoti ya jaribio la Reynolds niwasomee kabla hawajakabidhi. Karibu wote wana hofu moja: "Ticha, mimi nimepata 3,100 na kitabu kinasema 2,300, nirekebishe?" Wengine wanakuja wameshairekebisha. Wameanzia kwenye jibu wakarudi nyuma mpaka kwenye kipimo, na ripoti imekaa vizuri kabisa. Jambo hili linaniuma, maana ile 3,100 ndicho kitu walichokiona kwa macho yao, na ndani yake kuna swali ambalo wanafizikia wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka 130.

Kwa ambao hamjawahi kukutana nalo: maji yakipita taratibu kwenye bomba huenda kwa utulivu. Ya katikati yanawahi, yanayogusa ukuta yanabaki nyuma, na hakuna tabaka linaloingilia jingine. Ukichomeka sindano ya wino katikati, wino unakwenda mstari mmoja mwembamba mpaka mwisho wa bomba. Ongeza kasi kidogo kidogo: mstari utaanza kucheza, utajikunja, halafu ghafla bomba zima limejaa rangi. Huo ndio msukosuko.

Namba ya Reynolds ni kasi ya maji mara kipenyo cha bomba, gawanya kwa mnato wa maji, yaani ukinzani wake wa kutiririka (ule mnato ambao umeshagawanywa kwa densiti). Kasi na upana vinachochea vurugu, mnato unaituliza. Namba ikiwa ndogo, mnato umeshinda. Ile 2,300 ya vitabuni ni namba hii, pale vitabu vinaposema utulivu unaisha.

Tupige hesabu ya nyumbani. Maji ya nyuzi 27, bomba la nusu inchi lenye kipenyo cha ndani cha milimita 15. Ili namba iwe 2,000, maji yaende sentimita 11 hivi kwa sekunde, ambayo ni lita 1.2 kwa dakika. Ndoo ya lita 20 itachukua karibu dakika 17 kujaa. Mnaokaa mitaa ambayo maji yanakuja kwa mgao na presha ndogo, ndoo ya namna hiyo mnaijua, na mkae mkijua kwamba siku hiyo ndani ya bomba lenu maji yanapita kwa utulivu. Ndoo ikijaa kwa dakika 1, namba imeshapita 33,000. Na bomba kuu la kipenyo cha mita 1, maji yakienda mita 1 kwa sekunde, namba ni kama 1,200,000. Humo hakuna utulivu kabisa.

Sasa swali la uzi: kati ya ndoo ya dakika 17 na ndoo ya dakika 1, vurugu inaingia wapi, na inaingiaje? Ninavyoona mimi, kitabu kinachoandika 2,300 na kuendelea na ukurasa unaofuata kinamnyima mwanafunzi kitu kizuri kuliko vyote katika somo hili. Karibuni.

---

Kijana_wa_Mabibo

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mmoja wa hao, ila bado sijarekebisha. Kundi letu tulipata 3,400, kundi la pili kwenye mashine ileile wakapata 2,700. Msimamizi akatuambia sisi hatukuwa makini. Lakini sisi ndio tuliofungua koki polepole zaidi. Inakuwaje aliye makini zaidi ndiye anaye "kosea" zaidi?

---

Mchanganyikeni_Juu

Marahaba kijana. Swali lako ndilo lenyewe, na jibu lilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Osborne Reynolds alikuwa profesa wa uhandisi Manchester, Uingereza. Mwaka 1883 alichapisha kazi ambayo mpaka leo tunairudia. Alikuwa na tanki lenye kioo ubavuni, na ndani yake bomba za kioo za inchi 1, nusu inchi na robo inchi. Mdomo wa bomba aliutengeneza upanuke mithili ya tarumbeta ili maji yaingie bila kukatwa na ukingo. Akijaza tanki, aliyaacha maji yatulie kwa saa kadhaa, kisha ndipo anafungua koki.

Na aliyaona mambo kwa karibu sana. Vurugu haikuanzia mdomoni. Wino ulinyooka umbali fulani, ndipo ghafla ukachanganyika na maji yote. Kwa jicho la kawaida unaona ukungu wa rangi tu, lakini alipoumulika kwa cheche ya umeme, ambayo inawaka kwa muda mfupi mno, ule ukungu ukaonekana ni mikunjo iliyo wazi, mmoja mmoja. Vilevile aliona kwamba vurugu huja kwa vipande: kipande kimevurugika, kinapita, nyuma yake maji yametulia, kisha kinakuja kingine.

Kwa umakini ule, alifikisha namba hadi 12,000 na zaidi maji yakiwa bado yametulia. Akafanya na jaribio la pili la kinyume: akaanza na maji ambayo tayari yamevurugwa, akayapitisha kwenye bomba refu la risasi, na kwa kupima upotevu wa presha akatafuta ni lini yanatulia yenyewe. Hapo akapata kama 2,000.

Kwa hiyo tangu 1883 kuna namba mbili. Ya chini inasema: chini yangu vurugu haidumu, hata uivuruge vipi. Ya juu haina mwisho unaojulikana, inategemea umakini wako. Mwaka 1961 mtafiti Pfenniger alifikisha 100,000 mtiririko ukiwa bado tulivu. 2,300 ni namba ya mhandisi, inamfaa anayetaka kuchagua bomba na kwenda nyumbani. Haifai kumwambia mtu kwamba macho yake yamemdanganya.

Kundi lenu mlifungua koki polepole zaidi, ndiyo maana mkafika mbali zaidi. Andikeni 3,400 yenu na mweleze mliifunguaje.

Kuna kingine. Karibu miaka 100 baadaye jaribio lilirudiwa Manchester kwa vifaa vya Reynolds mwenyewe, na hawakuweza kufika alikofika yeye. Mtetemo wa magari barabarani ulivuruga maji mapema. Maabara ninayoijua mimi ipo kando ya barabara kubwa hapa mjini, na lori la kontena likipita unaona mstari wa wino unatetemeka kabla hujasikia muungurumo. Anayetaka namba kubwa aje usiku wa manane.

---

FundiBomba_Tabata

Wakuu nimesoma taratibu nimeelewa. Mimi sijasoma hizo hesabu ila nafunga mabomba mwaka wa 20 huu. Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, bomba za plastiki za siku hizi ni laini ndani kama kioo, je, hazizuii huo msukosuko? Pili, mteja analalamika presha ndogo bafuni, mimi namwambia abadilishe nusu inchi aweke robo tatu, anadhani namlia hela. Je, sayansi inaniunga mkono?

---

Mchanganyikeni_Juu

Fundi, heshima yako. La pili kwanza: sayansi ipo upande wako.

Maji yakiwa tulivu, ukitaka mara mbili ya maji unahitaji mara mbili ya presha. Yakiwa na msukosuko, kwenye bomba laini unahitaji kama mara 3.4, na kwenye bomba la chuma lililoota kutu inakaribia mara 4. Nguvu ya pampu inaliwa na mizunguko inayozaana na kufa humo ndani. Nyumba ya kawaida ikifungua koki vizuri iko kwenye msukosuko, kwa hiyo mteja anaumia na hiyo 3.4. Kutoka kipenyo cha ndani cha milimita 15 kwenda 20, kwa kiasi kilekile cha maji, upotevu wa presha njiani unashuka hadi karibu robo ya ule wa mwanzo. Mwonyeshe post hii.

La kwanza: ulaini unapunguza upotevu ila hauzuii vurugu. Bomba za Reynolds zilikuwa kioo chenyewe. Kila elbo, kila tii, kila koki iliyofunguliwa nusu ni chanzo cha kusukasuka, na juu ya 2,040 hivi (nitaieleza hiyo namba) ukishayavuruga mara moja hayatulii tena. Kwa nyumba yenye elbo nyingi, kusubiri 12,000 ya Reynolds ni kujisumbua.

---

Mkono_wa_Mafuta

Hapo kwenye presha kuliwa na mizunguko naongezea. Bomba la mafuta la TAZAMA kutoka hapa Dar hadi Ndola, Zambia, ni kilomita 1,710, lilianza kazi 1968. Ukiwa na umbali kama huo, kila asilimia ya msuguano ni pesa. Kuna ugunduzi wa mtafiti Toms wa 1948: ukiweka polima, yaani molekuli zenye minyororo mirefu, kiasi kidogo mno, sehemu chache kwa milioni, msuguano wa mtiririko wenye msukosuko unashuka sana. Bomba la mafuta la Alaska walianza kuitumia 1979. Ila ukiiweka kwenye mtiririko tulivu haikusaidii chochote, kwa sababu hakuna mizunguko ya kuituliza.

---

Mama_Wawili_Mbagala

Jamani mimi muuguzi, hii mada imenigusa. Ule mvumo tunaousikia kwenye kifua kwa stetoskopu, tulifundishwa ni damu inayopita kwa vurugu kwenye vali iliyobana. Lakini mbona wajawazito na wenye upungufu wa damu nao wanakuwa na mvumo wakati vali zao ni nzima?

---

Mchanganyikeni_Juu

Dada, rudi kwenye ile namba utalipata jibu lako mwenyewe. Mwenye upungufu wa damu ana chembe nyekundu chache, kwa hiyo mnato wa damu umeshuka. Moyo nao unafidia kwa kusukuma damu nyingi zaidi kwa dakika, kwa hiyo kasi imepanda. Juu kumeongezeka, chini kumepungua, namba inaruka. Mjamzito hali kadhalika: damu imekuwa nyepesi kiasi na moyo unasukuma zaidi. Vali iko salama, mtiririko wenyewe ndio umevuka mpaka. Na wewe unausikia kwa sababu mtiririko tulivu hauna sauti, wenye vurugu unatetemesha ukuta wa mshipa.

Ila mshipa si bomba la kioo. Unatanuka, na damu inakwenda kwa mapigo. Usichukue 2,300 ukaipeleka wodini.

---

Hesabu_Usiku

Mkuu umeeleza vizuri ila umeruka sehemu inayonisumbua mimi miaka yote. Ukichukua milinganyo ya Navier na Stokes, ile inayoeleza mwendo wa maji na hewa, ukaweka mtiririko tulivu wa kwenye bomba, ukautikisa kidogo mno, hesabu zote zilizofanywa zinasema mtikisiko unakufa. Kwa kasi yoyote ile! Yaani kwenye karatasi bomba halitakiwi kuvurugika kamwe. Heisenberg mwenyewe, kabla hajawa Heisenberg wa fizikia ya kwanta, tasnifu yake ya udaktari ya 1923 ilikuwa juu ya uthabiti wa mitiririko. Kwa maji yanayopita kati ya bapa mbili, mtafiti Orszag alipata mwaka 1971 kwamba mtikisiko mdogo unaanza kukua kwenye 5,772, wakati maabara wanaona msukosuko kuanzia kama 1,000. Karatasi na maabara haziongei lugha moja. Wewe unasemaje?

---

Mchanganyikeni_Juu

Ahsante kwa kulileta, nilikuwa nalisogelea.

Neno la kushika hapo ni "kidogo mno". Mtikisiko mdogo unakufa, mkubwa wa kutosha haufi. Na "wa kutosha" ni kiasi gani? Mwaka 2003 Hof, Juel na Mullin, hukohuko Manchester, walipima: walipiga maji yaliyotulia kwa mchomo wa maji mengine kutoka ubavuni, wakapunguza nguvu yake mpaka wakapata ile ndogo kabisa inayowasha vurugu. Nguvu inayohitajika inashuka kwa kadiri namba ya Reynolds inavyopanda: namba ikiwa mara kumi, mtikisiko wa moja ya kumi unatosha. Haifiki sifuri. Kwa hiyo karatasi haijakosea na maabara haijakosea. Kwenye 50,000 maji bado "yanataka" kutulia, ila mtetemo wa pampu ya jirani unatosha kuyatoa kwenye njia.

Sasa ile 2,040. Vile vipande alivyoviona Reynolds, kwenye namba za 1,800 hadi 2,200 hivi, ni vifundo vya msukosuko vyenye urefu wa kama vipenyo 20 vya bomba. Kwenye bomba lako la nusu inchi ni kama sentimita 30. Kifundo kinasafiri na maji, mbele na nyuma yake kumetulia. Kinaweza kwenda mbali kisha kikafa ghafla, bila dalili. Au kinaweza kugawanyika vikawa viwili. Muda wa kufa na muda wa kuzaa vyote ni bahati nasibu, lakini wastani wake unabadilika kwa kasi ya ajabu ukigusa kasi ya maji.

Fikiria mafua. Kila mgonjwa atapona, hilo halina shaka, ila kama kabla hajapona anaambukiza zaidi ya mtu mmoja, ugonjwa unakaa mjini. Mwaka 2011 Kerstin Avila, Björn Hof na wenzao walipima mistari yote miwili, wa kufa na wa kugawanyika, na ikakutana kwenye 2,040, pungufu au zaidi ya 10. Chini ya hapo kifundo hufa kabla hakijazaa. Juu ya hapo kinazaa kabla hakijafa, na vurugu inadumu. Ukipandisha mpaka kama 2,250, kifundo hakihitaji tena kugawanyika, kinatanuka chenyewe na kula maji yaliyotulia.

Kwa nini ilichukua miaka 128 tangu Reynolds? Kwa sababu pale mistari inapokutana, kifundo kinahitaji kwa wastani kusafiri kama vipenyo milioni 20 kabla hakijafa au kuzaa. Kwa bomba la nusu inchi ni kilomita 300: litoke Kariakoo, lipite Morogoro mjini na kuendelea. Hakuna maabara yenye bomba hilo. Walitumia bomba fupi zaidi na kuhesabu vifundo vingi mno, wakikusanya takwimu mpaka tukio la nadra likaonekana. Kazi ile naipenda kuliko nyingine zote katika eneo hili, kwa subira yake.

Na ndiyo maana nakataa picha ya swichi, tulivu huku, vurugu kule. Ukisimama sehemu moja ya bomba kwenye 2,100, sekunde hii unaona maji tulivu na sekunde ijayo msukosuko kamili. Hakuna nusu-vurugu. Kuna vurugu kamili iliyokaa vipande vipande.

---

Hesabu_Usiku

Hapo nimekupata. Kwa hiyo swali la "lini yanavurugika" linakuwa maswali mawili: lini yanaweza kuvurugika, na lini vurugu ikishaingia haitoki.

---

Mchanganyikeni_Juu

Hivyo hivyo mkuu. Na si kila mtiririko ni wa namna hiyo. Mwanafizikia G. I. Taylor mwaka 1923 aliweka maji kati ya silinda mbili, ya ndani inazunguka. Huko karatasi na maabara zilikubaliana vizuri sana: ukifika kasi fulani, maji yanajipanga kwa pete zilizokaa moja juu ya nyingine, safi kabisa. Ongeza kasi, pete zinaanza mawimbi, kisha zinavurugika. Ngazi kwa ngazi. Bomba halina ngazi.

---

Pwani_Kavu

Mkuu hili si ndilo lile swali la dola milioni 1? Na ndege ikitikisika angani ni kitu hichohicho?

---

Mchanganyikeni_Juu

Hiyo dola milioni 1 ni tuzo iliyotangazwa na taasisi ya hisabati ya Clay mwaka 2000, na inahusu milinganyo ileile ya Navier na Stokes, ila swali lake ni jingine: je, katika nafasi ya pande tatu, majibu ya milinganyo hubaki laini siku zote, au yanaweza kulipuka? Ukiieleza bomba yote utapata heshima, ile tuzo utabaki unaidai.

Ndege: mara nyingi kwenye anga safi ni tabaka mbili za hewa zinazokwenda kwa kasi tofauti, moja juu ya nyingine. Mpaka wao unajikunja mawimbi, mawimbi yanavunjika. Hakuna ukuta unaohusika, kwa hiyo mtikisiko mdogo unatosha. Aliye na udi nyumbani auwashe, feni ikiwa imezimwa na madirisha yamefungwa, atazame moshi unavyopanda umenyooka kisha ukaanza kuyumba na kuvunjika. Hewa moto inapanda ikiongeza kasi, na mpaka wake na hewa iliyosimama ndio unaovunjika.

---

Kijana_wa_Mabibo

Mwalimu, tumeruhusiwa kurudia jaribio wiki ijayo. Tumekubaliana kutoligusa tanki usiku kucha na kufungua koki kidogo kidogo. Kuna kingine cha kuangalia?

---

Mchanganyikeni_Juu

Viwili. Fanyeni kwa kupanda na kwa kushuka. Mkipanda kasi polepole mtapata namba moja ya kuvurugika, mkianza na maji yaliyovurugika mkashusha mtapata ndogo zaidi. Andikeni zote mbili, msichukue wastani wake, maana wastani huo hauna maana yoyote.

Cha pili ni kipimajoto, na hiki karibu kila kundi linakisahau. Jedwali la nyuma ya kitabu mara nyingi linatoa mnato wa maji ya nyuzi 20. Tanki la juu ya bati hapa Dar saa nane mchana linaweza kufika 40, na kwenye 40 mnato umeshuka kwa theluthi moja. Mkitumia namba ya jedwali mtaandika 2,000 wakati mtiririko wenu ni 3,000. Pimeni joto la maji yanayotoka mwisho wa bomba, mwanzo na mwisho wa kila kipimo, halafu ndipo mtafute mnato.